Kichaka cha Azelia Nilichoachiwa Likoni

Kichaka chenyewe kilikuwa hakifiki gotini. Kilikuja Likoni ndani ya debe la mafuta ya taa. Mke wa mpangaji wetu alikipakata garini tangu Voi mpaka stesheni ya Mombasa, kisha akavuka nacho feri kichwani. Alipokitua uani, mavyaa yangu, mama wa mume wangu, aliinama akakitazama, akachuma jani moja, akalisugua vidoleni na kulinusa.

"Ndiyo nini hiki?"

"Azelia, Mama."

"Lanuka ua lake?"

"Halinuki, Mama. Ni la kutazama tu."

Mavyaa akanigeukia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyekileta. "Ua la kutazama," akasema. "Haya. Kila watu na ada zao."

Si kwamba alikuwa na ubaya. Kwetu sisi wakati ule, miaka michache kabla ya uhuru, ua lilikuwa ni harufu kwanza. Asumini tuliyaangua jioni yakiwa bado yamefumba, mrihani tuliuchanganya katika kikuba, kishada chetu cha kunukia, kilua kikifungwa kwenye pindo la leso mtu akinuka siku nzima. Ua lisilonuka tuliliona kama mchuzi usio chumvi. Hata mimi, niliyempenda yule mwanamke tangu wiki ya kwanza alipohamia chumba chetu cha uani, sikuelewa kwa nini ajisumbue na debe zito hivyo.

Alinieleza siku nyingine, tukichambua mchele. Baba yake alikuwa mtunza bustani ya misheni huko milimani Taita, na maisha yake yote alikuwa na mikono ya udongo. Siku binti alipoposwa, mzee alikata kijitawi cha azelia, akakichomeka ardhini, akakingojea kishike mizizi, na kiliposhika ndipo akakubali harusi itajwe siku. Watu wakamcheka. Kichaka hicho, alisema yule mwenzangu, hakipukutishi majani. Kiangazi, masika, baridi, ni kijani mwaka mzima, na wakati wake ukifika huchanua mpaka majani yenyewe hayaonekani. Mzee alimwambia: nakupa kitu kisichovua nguo.

Akakiweka nyuma ya jiko, chini ya ukingo wa paa la bati, mahali penye kivuli baada ya saa nne. Ilikuwa wakati wa vuli na mvua ilikuwa ikidondoka kutoka kwenye bati mpaka debeni. Majani yake yaling'aa. Sikujishughulisha kujua sababu.

Tuliishi vizuri. Yeye Jumapili alikwenda kanisani kwake, mimi Ijumaa nikisoma Yasini yangu, na siku nyingine zote tulikuwa jikoni pamoja tukikuna nazi. Sote wawili tulikuwa wake wapya, hatujajaaliwa watoto, na hilo nalo lilitusogeza karibu bila ya kulitaja.

Kaskazi ilipoanza kupiga, ikaja barua. Baba yake ni mgonjwa, hainuki kitandani. Mwenzangu alifunga vitu vyake siku ile ile. Asubuhi ya pili, tayari amevaa viatu, alinishika mkono akanipeleka nyuma ya jiko.

"Dada, mume wangu hajui hata kumwagilia kikombe. Nakuachia hiki. Ni amana."

Neno lile alilipata kwetu. Alikuwa amemsikia mavyaa akilitumia juu ya vyombo vya watu. Lakini aliponiambia mimi, moyo wangu ulishtuka. Maana baba yangu mzazi, Mungu amrehemu, alikuwa mchoma chokaa asubuhi na mwalimu wa chuo baada ya alasiri. Alikuwa akitufundisha Kurani na kucha zake nyeupe bado. Mara nyingi alitukumbusha kwamba amana ni mzigo ambao mbingu na milima iliogopa kuubeba, binadamu akaukubali kwa ujinga wake. Nilikuwa na umri wa miaka saba nilipoyasikia hayo, na sikupata kuyasahau. Nikamwambia mwenzangu, "Utakikuta, inshallah."

Basi nikaanza kukitunza, na kila nililofanya nililifanya kwa nia njema.

Kwanza nilikihamisha. Nilikiona kule nyuma ya jiko kimetupwa, hakitazamwi. Nikakivuta mpaka kando ya kisima, pale tulipokuwa tukitawadha. Nilifikiri: sisi watu watatu twatawadha hapa mara tano kwa siku, na maji ya udhu ni maji yaliyopita juu ya viungo vya ibada. Kama kuna maji yenye baraka uani humu, ni haya. Nikaliweka debe chini ya ukingo wa jiwe ili maji yote ya mikono na miguu yaishie humo. Nikafurahi nafsini mwangu. Kila adhana nilijua kichaka cha rafiki yangu chapata sehemu yake.

Pili, nilikitilia jivu la jikoni, kama tulivyofanya kwa mchicha.

Tatu ikawa Idi. Mwaka ule mfungo uliangukia kaskazi kali, na wiki ya mwisho tulipaka chokaa kama ilivyo desturi: ukuta, mawe ya kisima, mashina ya minazi mpaka kiunoni. Nikaona debe la watu limeshika kutu. Haifai, nikasema, amana isiingie Idi na nguo kuukuu. Nikalipaka nje, nikalipaka mdomo, na iliyochuruzika ndani nikaiacha.

Siku ya Idi lilikuwa jeupe kama kanzu. Na majani yalikuwa yameanza kugeuka manjano.

Hayakugeuka kama jani linalozeeka. Mishipa ilibaki kijani, nyama yake katikati ikawa manjano iliyopauka, hata jani zima likaonekana kama wavu. Baadaye ncha zikaungua, kisha yakaanza kuanguka. Kila asubuhi niliyakuta juu ya mawe meupe, nikiyaokota upesi kabla mume wa mwenzangu hajatoka kwenda bandarini. Kichaka kisichovua nguo kilikuwa kinavua nguo mikononi mwangu.

Nikaongeza maji. Nilichota ndoo nzima kisimani nikakimiminia asubuhi na jioni, na ndivyo kilivyozidi.

Mavyaa alikuja siku moja akasimama juu yangu. "Kimepigwa jicho hicho."

"La nani, Mama? Hakina hata ua moja la kukihusudia."

"Basi kimemkumbuka mwenyewe. Wanyama hufanya hivyo. Nimeona mbuzi."

"Niseme nini akirudi?"

"Utasema kimekufa. Miti hufa." Akanitazama, akaona nalia, akalainisha sauti. "Kisomee, mwanangu. Soma na umtegemee Mungu."

Nilisoma. Sioni haya kusema kwamba nilikaa kando ya debe lile nikasoma Fatiha nyingi. Lakini baba yangu pia alitufundisha kumfunga ngamia kwanza kisha ndipo kutegemea, na mimi nilijua moyoni kuwa kuna kamba mahali fulani sijaifunga. Niliomba nionyeshwe.

Nilionyeshwa kwenye birika la chai. Likoni yote imekaa juu ya matumbawe, na maji ya visima vyetu huacha ukoko mweupe ndani ya birika. Kila baada ya wiki mbili mtu hukaa akaubandua kwa kisu. Nilikuwa nimekaa kizingitini nikifanya hivyo, vipande vikiniangukia miguuni, nilipoinua macho nikatazama debe. Juu ya udongo wake, kuzunguka shina, palikuwa na ukoko ule ule. Nikaenda nikaubandua kwa kucha. Nikaweka vipande viwili pamoja kiganjani, cha birika na cha debe, na sikuweza kuvitofautisha.

Watoto wa mchoma chokaa tuna mchezo wetu. Ukitaka kujua kama vumbi ni chokaa au ni mchanga tu, kamulia ndimu. Mchanga hunyamaza, chokaa huchemka. Nikaingia jikoni nikachukua ndimu, nikaja nikaikamulia juu ya udongo wa azelia.

Ukatoa povu, ukanong'ona kama soda.

"Sasa wewe wakitia ndimu?" Mavyaa aliuliza kutoka mlangoni. "Wataka kukikaanga?"

Nikamweleza. Maji ya kisima ni chokaa, jivu lafanana na chokaa, na mimi nimempaka mgonjwa chokaa mpaka mdomoni. Mti umetoka kwenye mlima wa udongo mwekundu na ukungu, ambako maji yake yote yatoka mbinguni, nami nimeunywesha mawe mara tano kwa siku, nikidhani naunywesha baraka.

Mavyaa akainama akatazama lile povu. "Maji ya udhu hayana kosa," akasema.

"Hayana, Mama. Kosa ni langu."

"Hata wewe huna. Ulikipa ulichokithamini."

Nilijua sasa dawa ni nini: maji ya mvua, na udongo mwingine. Lakini masika ilikuwa bado. Mbingu ilikuwa nyeupe, upepo wa kaskazi wakausha hata mate. Uani kwetu palikuwa na maji ya mvua mahali pamoja tu, katika mtungi wa mavyaa. Aliukinga wakati wa vuli, akaufunika kwa kawa na kitambaa, na kwa maji yale alipika chai yake moja ya baada ya Alfajiri. Alisema chai ya maji ya kisima ni kunywa bahari. Mume wangu mwenyewe hakuthubutu kuugusa mtungi ule. Sikuomba. Niliutazama tu, nafikiri, kwa muda mrefu kupita adabu.

"Chukua," alisema mavyaa.

"Mama, ni maji yako ya chai."

"Nimekwambia chukua. Yule alipokuachia hakusema aacha maua. Alisema amana. Na aliisemea nyumbani kwangu." Akajitanda leso yake. "Kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni. Usimwage kama mtu aoshaye feri."

Kwa muda wa wiki tano hivi, mavyaa yangu alikunywa chai ya maji ya kisima. Kila asubuhi alikunja uso kwa tama la kwanza, na kila asubuhi alisema, "Alhamdulillahi," kisha akaelekea kule debeni akasema, "Nawe kunywa."

Udongo uliletwa na mume wangu. Alikuwa dereva wa lori la mbao, akipanda Kwale mpaka Shimba. Nilipomwambia aniletee gunia la udongo wa huko juu alicheka mpaka akakaa. "Wenzangu wake zao waagiza mananasi. Wangu aagiza mchanga! Na siku nikikutaliki utataka nini, jabali?" Lakini aliuleta, mwekundu, laini, umefungwa vizuri. Nikauchanganya na majani ya mwembe yaliyooza na vumbi la makumbi ya nazi. Nikakamulia ndimu, udongo ukanyamaza. Mume wangu akanikatia pipa la mbao nusu na kulitoboa chini. Nikakitoa kichaka debeni, nikakiosha mizizi kwa maji ya mtungi kwa uangalifu, nikakata matawi yaliyokufa. Nilipomaliza kukata kilikuwa kifupi kama mkono wangu mpaka kiwiko. Nikakirudisha nyuma ya jiko, alipokiweka mwenyewe.

Kilikuwa na majani tisa, yote manjano.

Katika siku hizo hizo mume wa mwenzangu akabisha mlango wa ua, barua mkononi. Alikuwa mtu mpole, mpakuaji mizigo, na tangu majani yaanze kuanguka alikuwa akipita uani macho yake chini ili asinione nikiyaokota.

"Shikamoo, Mama. Shemeji, mke wangu ameandika. Mzee hali si nzuri. Asema kila asubuhi akiamka mzee huuliza jambo moja tu, kama kile kichaka kingali hai." Akaikunja barua, akaikunjua. "Nimwandikie nini? Mimi nataka kuandika kuwa ni kizima, kinachanua. Mtu afa, shemeji. Kuna ubaya gani?"

Nilitamani kumwambia andika. Ilikuwa rahisi kabisa. Lakini amana haitunzwi kwa uongo, hata uongo wa huruma.

"Usiandike kinachanua," nikasema. "Andika ki hai. Hilo ni kweli."

"Hai tu?"

"Hai. Na andika twakihudumia."

Akaandika hivyo, juu ya goti lake, palepale kizingitini. Nami usiku na mchana nikabaki na neno lile moja kama mtu aliyeweka rehani. Wiki mbili baadaye ikaja habari kuwa mzee amefariki. Sasa hapakuwa na mkono mwingine duniani wa kukata tawi jingine. Kilichobaki cha kazi ya mikono ile, kwa binti yake, kilikuwa ndani ya pipa nyuma ya jiko letu.

Masika iliingia usiku wa Alhamisi. Tulisikia bati likipigwa, na mavyaa akaniita kutoka chumbani kwake, "Mwanangu, wataka kikombe tena?" Nilicheka gizani. Asubuhi kichaka kilikuwa kimeloa mpaka shinani, na ukoko uliobaki kwenye shina umeoshwa. Siku ya tisa au ya kumi ya mvua, niliona kwenye kifundo kimoja kitu kama ncha ya sindano, kijani. Nilidhani macho yangu yanidanganya. Nikamwita mavyaa, naye akainama akatazama, jicho moja amelifumba.

"Ni kijani," alisema. Kisha, kwa kuwa hakupenda kuonekana amefurahi, "Lakini halinuki bado."

Nilisujudu palepale kwenye matope.

Mwenzangu alirudi masika ikielekea kwisha, amefunga kitambaa cheusi kichwani, amekonda. Tulikumbatiana, tukalia, mavyaa akampa pole na kumwombea. Hakuwa ameingia hata chumbani mwake alipouliza, "Kiko wapi?"

Nikampeleka. Akasimama mbele ya pipa, akatazama kile kichaka kifupi chenye majani madogo mapya, akageuka.

"Hiki sicho."

"Ndicho."

"Dada, changu kilikaribia goti. Kama umeninunulia kingine, niambie tu."

"Tazama shina."

Akapiga magoti. Akapitisha kidole chini kabisa, karibu na udongo, penye kovu ambapo baba yake alikata tawi la kwanza kabisa ili kichaka kipate kusimama wima. Kidole kikasimama hapo. Akakiacha kwa muda.

Ndipo nilipomweleza yote, la udhu, la jivu, la chokaa ya Idi, la matawi niliyoyakata kwa mkono wangu. Sikujitetea. Nikamwambia, "Na siku ile mumeo alipoandika hai, kilikuwa na majani tisa, na hakuna hata moja lililokuwa kijani. Nimekurudishia amana yako pungufu. Naomba unisamehe."

Aliposema, hakusema juu yangu.

"Barua ile nilimsomea baba. Aliniuliza, hai vipi? Mimi sikujua. Nikamwambia ni kijani, baba, kimejaa majani mapya. Akasema vizuri, akageukia ukutani, na hakuuliza tena." Alijifuta uso kwa kitambaa. "Kumbe kilikuwa kinakufa. Neno la mwisho nililomwambia baba yangu lilikuwa uongo."

Mimi niliyemkataza mumewe asiandike uongo, sikuwa na hukumu juu ya binti kando ya kitanda cha baba yake.

Mavyaa ndiye aliyejibu, kutoka jikoni, akikuna nazi, hata hakugeuka. "Hukumwambia uongo, mwanangu. Majani si hayo mbele yako? Ulimtangulizia habari tu."

Mwenzangu alimtazama yule mama mgongoni. Halafu akacheka, kicheko kilichochanganyika na kilio, akakaa chini kabisa kwenye udongo wenye maji na nguo yake ya safari. "Asante, Mama," alisema.

"Ondoka hapo walowa," mavyaa akamwambia. "Na wewe mpe mwenzio mkeka, wamtazama tu."

Alasiri ile ile alinifundisha kazi ya baba yake. Tulichagua tawi la chini lililo hai, tukalikwaruza kidogo upande mmoja, tukalilaza juu ya udongo mwekundu na kuliwekea jiwe, ncha yake ikitazama juu. Nikamuuliza litachukua muda gani. Akasema miezi, pengine mwaka, baba hakuwa akihesabu. Tukalifukia pamoja.

Lilishika. Kipupwe cha mwaka uliofuata kichaka kikubwa kilitoa maua manne ya waridi, na tawi lile lilikuwa na mizizi yake lenyewe. Bendera mpya ya uhuru ilipokaribia kupandishwa, mwenzangu, akiwa sasa na mtoto mgongoni, alilipandisha gari moshi ndani ya kopo la maziwa, akampelekea mama yake. Baada ya mwezi tukapata barua. Mama yake hakulipanda kaburini kwa mzee. Alilipanda karibu na mlango wa jiko, anapokaa kuchambua maharage, na alitaka tuambiwe kuwa limeshatoa majani.